Bei Mbili

Fundi Fidencio alishuka kutoka paani
viganja vimemwiva, akaomba maji kabla ya salamu.
Agosti, Mexicali, nyuzi arobaini na nane kivulini.
Huko juu, alisema, hata bisibisi unaishika kwa kitambaa.
Kisha akanyamaza
kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

Kompresa inagonga. Gesi imevuja,
na gesi ya aina ile haitengenezwi tena;
ukiibahatisha utainunua kwa bei ya manukato.
Bomba la shaba limeungwa mara tatu, lehemu juu ya lehemu.
"Hapa aliunga mwingine," alisema kwa heshima,
"hapa niliunga mimi, mwaka ule mbwa wenu alipokufa."
Akaandika bei mbili nyuma ya risiti ya mkate,
katikati akachora mstari mnene
kama ule ukuta wa mpakani tunaouona tukienda sokoni:
upande huu peso elfu nne na mia tano, kukifufua;
upande ule elfu kumi na nane,
kipya, dhamana miaka mitano,
remoti yenye kitaa cha buluu.

Mama alikuwa kitini, miguu ndani ya beseni,
barafu imeshakuwa maji,
anasikiliza kila neno huku akijifanya amelala.
Mwezi wa Mei walimwambia nyonga yake imeisha,
waitoe, wamwekee ya chuma.
Alicheka: nimekuja nayo, nitaondoka nayo.
Tangu siku hiyo kila kikuukuu cha nyumba hii
kimepata wakili.

"Kitengenezwe," akasema, macho bado amefumba.
"Kinanguruma? Na mimi nanguruma nikilala.
Mtanishusha kwa kamba?"

Dada yangu Ofelia akapiga simu kutoka Ensenada,
ambako watu hulala madirisha wazi wakajifunika blanketi.
La kuvunda halina ubani, nunua kipya, nitachangia.
Lini, hakusema.

Usiku nikatoa daftari.
Kapasita, mwaka juzi. Mota ya feni, mwaka jana, Juni.
Mota ile ile, Septemba.
Gesi, gesi, gesi.
Jumla yake ilikuwa nusu ya kipya na chenji ya soda.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nimeziba, nikaziba, nikaziba,
na ukuta naujenga vilevile.

Lakini si daftari lililoamua.
Saa tisa usiku nilimgusa Mama paji la uso:
kavu, la moto, kama kikaango kilichosahauliwa.
Nikalowesha shuka, nikamfunika, nikaketi sakafuni
nikihesabu pumzi zake.
Julai hii wamemkuta Don Hilarión, nyumba ya tatu kutoka kwetu,
siku ya pili. Feni yake ilikuwa bado inazunguka.

Kulipopambazuka nikampigia Fidencio:
ule upande mkubwa. Kwa awamu, miezi kumi na miwili.

Walipokishusha cha zamani kwa kamba
Mama alitaka kusimama mlangoni.
Hatua nane kutoka kitini. Nilizihesabu,
na kila moja ilimtoa jasho lisilo la jua.
Kikatua uani, kutu tupu, kiota cha njiwa mgongoni,
miaka kumi na tisa.
"Unakipeleka wapi?"
Shaba itayeyushwa, akajibu fundi. Feni bado nzima,
kuna mjane mtaa wa pili, nitamfungia.
"Basi hakitupwi," alisema Mama,
akageuka, akaanza zile nane za kurudi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda cha miezi kumi na miwili.
Hakina sauti kabisa.
Mara mbili usiku aliniamsha: kimezima?
Mara mbili nikamshika mkono nikauinua kwenye upepo.

Asubuhi, akimenya chungwa, bila kuniangalia,
aliuliza hiyo nyonga ya chuma
wanaitolea dhamana ya miaka mingapi.