Pampu ya Saa Tano

Hapa Tucson jua halibishi hodi.
Linaingia na viatu.

Mwaka wa kwanza nililifungia mapazia,
nikailipa kampuni ya umeme
ili nijifiche.

Sasa paneli zinalichuma juu ya paa bila ngazi:
kumi na mbili za nyumba,
sita za pampu peke yake.
Saa tano, nyuma ya jiko,
pampu inakohoa mara mbili, inashika kazi.

Nyamizi hupanga siku kwa kivuli cha dungusi:
kikigusa ukingo wa bwawa, tufue;
kikivuka, pasi ingoje kesho.
Mita inarudi nyuma,
nami, mdeni wa zamani,
naidai kampuni senti arobaini.

Jana wingu moja, dogo kama kiganja,
lilisimama juu yetu.
Pampu ikanyamaza.
Majani ya mgunga wa jirani
yakaduwaa majini.
Nikasikia friji. Kisha nikamsikia yeye
akihesabu pumzi, chali,
miaka sitini na mmoja,
anajifunza kuelea.

“Usiniangalie.”
Nikaangalia juu.

Wingu likaondoka.
Maji yakaanza tena kumsukuma,
taratibu,
upande wangu.