Foronya Moja

Nyumbani kwetu Mwananyamala kuna chupa za chai kumi na tisa.
Si kwamba tunakunywa sana.
Mama alistaafu uuguzi, kiinua mgongo kikaingia Jumatatu,
Alhamisi kikawa maboksi sita sebuleni:
chupa nyekundu, maua ya dhahabu ubavuni,
na kila aliyeziona alisema, "Hizo zitatoka kama njugu."
Zilitoka. Moja moja, zawadi:
harusi ya Tumsifu, arobaini ya mtoto wa jirani,
fundi bomba, badala ya nauli.
Zilizobaki ziko uvunguni mwa kitanda changu.
Usiku nikigeuka, zinagongana.

Kwa hiyo mimi, mwenye laki tano za kikoba,
nilipofika Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe,
Aloisi akanikunjulia foronya za satini,
"Chukua dazeni kumi, dada, nywele hazikatiki humu,
na bei ya jumla haifanani na ya rejareja,"
nikasema: Nipe moja.
Moja?
Moja. Ya zambarau.
Akanitazama kama vile nimeagiza pilau, punje moja.

Nikaipiga picha dirishani, saa moja asubuhi,
kabla jua halijakasirika na jirani hajaanika.
Nikaandika: Foronya ya satini. Elfu kumi na mbili.
Kwa oda tu. Utaipata siku ya tatu.
Sikuandika "zimebaki chache."
Ilikuwapo moja, nayo usiku ule niliilalia.

Wanasema biashara asubuhi, jioni mahesabu.
Mimi nilianza na jioni.

Watu mia na arobaini wakatazama.
Mioyo myekundu ikamwagika kama nyanya za tenga lililopasuka.
"Nzuri jamani." "Mashallah." "Bei?" (na bei ipo palepale.)
"Mwisho ngapi?" "Mpaka Tegeta unaleta?"
Mtu wa Kigamboni akataka kujua kama inatibu kipara.
Kichwani nikawa nimeshafika dazeni ishirini,
fremu ya kupanga Sinza, ubao wenye jina langu.
Uvunguni, chupa zikagongana.

Nikaongeza mstari mmoja:
Tanguliza elfu mbili, nikuwekee.

Kimya kilichofuata
ningekipima kwa mita, nikakiuza.
Mioyo ikakauka. Tegeta ikanyamaza.
Shoga yangu, yule aliyeandika "nimeipenda kufa,"
akasema mwisho wa mwezi, bila kusema upi.

Halafu simu ikatetemeka: Eliwaza wa Kimara, elfu mbili.
Jioni, Bi Shani wa Temeke.
Kesho yake wawili, mmoja wao akiuliza,
"Kofia za kulalia za watoto huna?
Wangu foronya anaitupa chini."
Akauliza na mwingine, na mwingine tena,
hawajuani, hawajaambiana: kofia, za watoto.
Nikaliandika pembeni mwa daftari, kwa penseli.

Usiku wa tatu ikaingia ya tano.
Jina kwenye ujumbe: Siwatu Mbwana Kheri.
Mama. Kutoka chumba cha pili.
Nikamsikia anazima redio, anakohoa,
anajifanya amelala.

Ile elfu mbili niliitazama kuliko zote.
Ndivyo maboksi sita yalivyonunuliwa,
kwa midomo ya watu waliotupenda.

Nikaandika: Wanne.
Nikamrudishia, makato nikalipa mimi.

Asubuhi nikampelekea ile ya zambarau, nimeifua.
Hakusema kitu kuhusu pesa, nami sikusema.
Akamimina chai ya jana usiku kutoka chupa nyekundu,
ikatoa mvuke.
"Zinatunza joto," akasema.
Zinatunza kweli.
Chupa hazikuwa na kosa.