Kamusi ya Ghorofa ya Tatu

Bi Shamsa huingia saa kumi na mbili jioni,
ndoo ya bluu, gurudumu moja likilia,
ghorofa ya tatu, Ancoats, Manchester.
Zamani kiwanda cha pamba. Leo twafuma msimbo.

Wiki iliyopita alinivuta pembeni, sauti chini:
"Yule Gethin, wa ndevu nyekundu,
nimemsikia kwa masikio yangu:
*Muue mtoto. Mzazi akitangulia, atabaki yatima.*
Kibibi, ni kazi gani hii mnayofanya?"

Nilicheka hadi chai ikanipalia.
Mtoto, nikamwambia, ni kazi ndogo
iliyozaliwa na kazi kubwa tumboni mwa mashine.
Huuawa kwa amri moja, wala hakuna matanga.
"Astaghfirullah." Akakamua tambara.
"Na msukule?"
Msukule ni mtoto aliyekwisha kufa,
mzazi hajaja kuchukua maiti,
jina lingali kwenye daftari.

Tangu hapo kila jioni hunidai neno.

Mdudu hakumshtua: "Hata jikoni kwenu wapo."
Wingu, akageukia dirisha na mvua yake:
"Kama ndiko mnakoweka vitu,
mji huu hamtakosa ghala."
Nyuzi zilizokwama nilimwigizia mlangoni:
tafadhali, wewe kwanza,
hapana, wewe,
wawili wenye adabu mpaka usiku wa manane
na hakuna aliyepita.
Bata wa mpira mezani pangu, wa njano,
alitaka kumtupa. Nikamzuia:
huyu tunamweleza lililotushinda,
hajibu kitu,
na katika kumweleza tunajisikia wenyewe.
"Ninaye mume wa namna hiyo," akasema,
"ila yeye anakula."

Deni ndilo lililomkalisha kitini.
Tukibanwa na tarehe, nikamwambia,
twaacha kazi mbovu ikisimama kwa mguu mmoja,
twaahidi kurudi. Hilo twaliita deni.
"Lina riba?"
Linayo. Kila siku.
"Analipa nani?"
Nikatazama zulia.
Anayekuja baada yetu.
Hakusema neno. Akafuta ubao,
akilizunguka kwa uangalifu lile USIFUTE
ambalo mwandishi wake alihama kampuni mwezi wa Machi.

Jana mfumo ulianguka.
Saa nane usiku nilikuwa bado humu,
mimi na bata, na taa zinazojizima
usipopunga mkono.
Nikachimba chini, chini, mafaili ya miaka kumi na tano,
nikakuta mtu asiyejulikana ameandika:
*Usiguse mstari huu.
Sijui kwa nini unafanya kazi.*
Niliugusa. Kila kitu kikazimika.
Nikaurudisha.

Leo nimemsimulia Bi Shamsa.
Hakucheka. Akaniongoza nyuma ya printa,
akapiga goti kwa kuugua,
akanionyesha bomba la kupasha joto
na kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara nne,
kimebanwa chini yake, kimeota weusi.
"Nilikikuta. Aliyenitangulia naye alikikuta.
Ukikitoa, maji yanashuka mpaka kwa wale wanasheria.
Hiki ninyi mnakiitaje?"

Kiraka, nikasema.

"Aa," akasema, "basi hilo nalijua."
Akakipangusa vumbi,
akakiacha.