Nje ya Njia

Kidude alikileta mjomba Herminio kutoka Ensenada,
kimeviringishwa ndani ya soksi, kioo kina ufa
pembe hadi pembe, kitufe cha breki hakibonyei.
"Breki za nini?" akacheka. "Haya ni mashindano."
Betri mbili ndogo. Tukaziiba kwenye redio ya mama.

Nazario, mdogo wangu, mwenye miaka tisa,
alijikunyata nyuma ya rundo la matairi
(sisi ni watu wa kuziba pancha,
kilomita mia na ishirini toka pampu ya petroli),
akachagua gari jekundu lenye magurudumu kuupita mlango,
akachagua nchi,
na nchi ilikuwa yetu.

Yetu! Kwa herufi za njano: BAJA.
Vilima vilevile vya mawe yaliyopandana kama mikate,
dungusi kakati zimesimama wima kama askari wa barabarani,
vumbi linatimka kwa vipande vya mraba.
Hata anga walilipatia: buluu, halina huruma.

Siku tatu alishindana. Akawa wa kumi na mbili, wa saba,
akapinduka korongoni, akawa wa saba tena.
Siku ya nne nikamwona amepunguza mwendo,
magari yote yanampita,
naye anachungulia kando kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

"Wafanya nini?"
"Baada ya daraja bovu kuna kona ya kushoto. Ipo.
Halafu mwamba wenye tundu. Upo.
Halafu sisi."

Nikaiacha jeki, nikachuchumaa.
Mwamba ulikuwepo kweli, na mwanga ukipenya tunduni.
Baada yake mchanga. Dungusi moja. Mchanga.
Dungusi ileile, imenakiliwa.
Hapakuwa na kibanda cha bati,
wala mama na chapati zake za mahindi,
wala rundo la matairi,
wala mtoto nyuma ya rundo.

Akakata kushoto, akaiacha njia.
Gari likajikokota mchangani, kioo kikawa cheusi:
UMETOKA NJE YA NJIA.
Likarudishwa katikati, safi, halina hata mkwaruzo.
Akakata tena. Likarudishwa.
Nilihesabu mara kumi na nne.

Nami nikamkumbuka yule mgeni wa mwaka juzi.
Hakuwa wa mashindano; wale huja Novemba, hupita
wakinguruma usiku kucha, na mama huosha maharage siku tatu.
Huyu alikuja Machi, peke yake, na kamera.
Aliupiga picha mwamba, akauzunguka, akaupiga tena.
Alizipiga dungusi moja moja, kama za pasipoti.
Alikunywa kahawa yetu vikombe viwili, akalipa vizuri.
Kisha, kwa adabu, kwa mkono,
akaniomba nisogee kidogo.
Nikasogea.

Sikumwambia Nazario.

Alikaa kimya, kisha akainuka, akachukua chaki ya nta,
ile ya njano ya kutilia alama penye pancha,
akaweka nukta kwenye kioo, kando ya ufa.
"Hapa," akasema. "Nyumbani."
Gari likaondoka, nukta ikabaki palepale,
yaani nyumba yetu ikaondoka nalo:
ikavuka daraja bovu, ikapita mwamba,
ikafika baharini ambako mama hajafika.
Akabadilisha nchi. Theluji! Misonobari, ukungu,
na kibanda chetu kinateleza juu ya barafu,
bila shaka maharage yako motoni.

Akawa wa mwisho. Akashangilia.

Betri zikafa jioni, katikati ya msitu.
Kioo kikawa kioo tu, na uso wake ndani,
na nukta ya njano chini kidogo ya jicho.
Toka jikoni mama akaita
kuuliza ni nani amegusa redio.