Kufumania

Jumapili usiku, Hawick, mvua ya Novemba inachapa madirisha,
Bi Netta Scoular anagonga ukuta mara tatu:
njoo, kuna ya kutisha, ya zamani, nyeusi na nyeupe.
Miaka thelathini na moja kiwandani
aliunganisha mikono ya sweta na mabega yake.
Sasa hutazama mikono tu.

Mzimu upite, mshumaa uzimike, mlango ulie kama paka,
yeye anavizia kikapu kando ya meko.
“Simamisha!” Nabonyeza rimoti.
Shangazi wa bwana mwenye jumba, hebu mwone,
sindano kazishika kama uma na kisu,
uzi hausogei, anatikisa viwiko.
“Muuaji huyo,” asema Bi Netta. “Hajafuma kitu maishani mwake.”
Na kweli, filamu inakwisha shoka liko chini ya kitanda chake.

Tumeona skafu iliyofika magotini kabla ya yowe,
na baada ya yowe imerudi kuwa shubiri moja.
Tumeona binti akiburutwa makaburini
na sweta ya mfumo wa punje za mchele, kola ya mkono;
Bi Netta akaililia sweta.

Nami nacheka kimoyomoyo, kwa lugha yangu:
kufuma ni sufu, kufuma ni mshale,
na hicho anachokihesabu kwa kidole hewani,
kimoja, kingine, kingine,
kwetu kinaitwa kitanzi.
Sijamwambia. Ana vitanzi mia mbili mapajani.

Leo ni nyumba ya wageni, ukungu wa kutengeneza,
watu kumi ukumbini wakisubiri mmoja wao auawe.
Nyuma, chini ya saa ya ukutani, mama asiye na jina
wala neno la kusema. Sekunde nne.
Bi Netta kanyamaza. Kainuka hadi kwenye runinga,
pua karibu iguse kioo.
“Huyu anajua.”
Sindano nne, soksi, anageuza kisigino,
hatazami mikono, hatazami kamera,
anaiba muda wa wenye filamu amalizie kazi yake.
Soksi ile si ya sinema.
Kulikuwa na mguu mahali ukiingoja,
mguu wenye namba, wenye baridi.

“Niendelee?”
“Ngoja.”
Tukangoja. Yule mama naye akangoja,
kisigino nusu,
na dirishani, nyuma yake, lile dude lenye kucha
nalo likatulia,
likashika zamu.