Mgeni wa Jiwe la Tatu

Jiwe nililinunua Novemba, kwa Bohdan,
aliyekuwa akihama na kuuza kila kitu:
tangi, pampu, taa, ndoo mbili za chumvi,
na samaki mmoja aliyegoma kutoka pangoni.
Lilikuwa jiwe tu, la tatu kutoka kioo,
lenye matundu kama mkate wa juzi.
Januari likaota kitu.

Mwanzo ncha ya kiberiti.
Kisha vidole. Kisha vidole vikaota vidole.
Chini ya taa ni buluu, buluu ya mwali wa gesi;
nikikitoa kwa kibanio na kukileta dirishani
buluu inabaki majini,
nami nashika uzi wa hudhurungi
unaonidondoshea sakafu.

Nje ni Winnipeg, hasi thelathini na moja.
Gari limefungwa waya ukutani kama mbuzi.
Manispaa inamwaga chumvi barabarani bila kupima;
mimi ndani napima gramu thelathini na tano kwa lita,
nakoroga, nangoja, napima tena.
Sisi wa Tabora bahari tuliipata kwenye ramani,
ilikuwa ile penseli iliyowahi kuisha.
Nyamizi, mke wangu, husema:
umekuja mpaka kitovuni mwa bara la watu
ndipo ukumbuke kununua pwani.

Kitabu cha maktaba kina maswali ya karani.
Rangi?
Inategemea nani kakishika.
Shina ni mviringo au bapa?
Mviringo chini; juu bado linajifikiria.
Matawi yanapishana au yanakabiliana?
Kama ndugu wenye urithi: yanatoka pamoja,
halafu kila mtu na upande wake.
Mizizi?
Hapo kitabu kikanikemea: mwani hauna mizizi,
una kishikizo tu.
Nikalisoma neno hilo mara mbili, kishikizo,
nikajikuta napapasa kifungo cha sweta.

Kwa wembe nikakata kipande chembamba kuliko ukucha wa mtoto.
Kwenye hadubini ya shule ya binti yangu
niliona vyumba, vyumba,
vikubwa katikati, vidogo ukingoni,
kama wali uliomwagwa na mtu mwenye mpango.
Basi, kikasema kitabu, ni mmojawapo wa hawa kumi na wanne.
Kisha picha kumi na nne, zote nyeusi na nyeupe.

Likabaki jaribio la siki.
Kikitoa povu, kina chokaa ndani.
Siki ilikuwa imekwisha, nikagonga mlango wa pili
kwa Teodora, muuguzi wa zamu za usiku, mzaliwa wa Cebu.
Alikuja mwenyewe na chupa.
Na bakuli.
Bakuli la nini?
Hakujibu. Aliinamia kisahani, akanusa,
akadondosha tone moja, la pili,
povu halikutoka,
akakiokota kile kipande, ushahidi wangu wa wiki sita,
akakitia kinywani.
Nyamizi akashika kichwa.
Teodora alitafuna taratibu, macho kayafumba,
kama mtu anayesikiliza simu ya mbali.
“Si kile cha kwetu,” akasema.
“Lakini wanajuana.”

Jumapili nikapima maji.
Tangu Novemba kile kichupa cha naitreti
kilikuwa kikiiva wekundu wa kunilaumu.
Safari hii kilifika kwenye njano, kikakataa kuendelea.
Na yule samaki wa Bohdan yuko nje,
anazunguka jiwe la tatu kama mwenye nyumba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
miaka yote nilidhani ni maneno ya karamu,
ya kumhimiza mtu anawe mikono.

Daftarini, mbele ya Jina,
nilikuwa nimeacha nafasi ndefu.
Nimeijaza kwa penseli:
Jina: halijulikani. Hali: anaendelea vizuri.
Nyamizi, aliyesahihisha insha za darasa la sita
miaka kumi na moja,
akapiga mstari chini ya “anaendelea”,
akatazama tangini,
akaomba kifutio.