Soli

Tulikuwa na kurasa kumi na nane. Mbili hazikuwapo.
Sentensi ya mwisho ilikatika mfalme akifungua kinywa:
"Basi mwambieni ndugu yangu kwamba…"
Miaka kumi na moja nimemlinda yule mfalme, kinywa wazi,
nimempima unyevu, nimempangusa vumbi kwa brashi laini.
Ndiyo maana walinituma mimi.

Walinivika sketi ya sufu, wakanipa sharti moja,
wakalikariri kama kipimo cha dawa, kutwa mara tatu:
tazama, usiguse.
Wahenga waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuiona ndoo yetu.

Nikatua thelujini, kaskazini mwa Aisilandi,
mwaka ambao nyasi ghalani ziliisha kabla ya Februari
na kondoo wakaanza kutafunana manyoya.
Nyumba ilikuwa kama mgongo wa udongo, moshi ukivujia pembeni.
Nikajiita mpita njia. Oddný hakuuliza zaidi.
Njaa haina maswali mengi.

Ngozi ya mwisho walikwisha kuichemsha, wakanywa mchuzi wake.
Iliyosalia ni ya kitabu:
ngozi ya ndama, wino mweusi ti,
herufi ya kwanza nyekundu kama matamvua ya samaki.
Ketill, wa miaka sita, akasimamishwa juu ya benchi,
kila mguu na ukurasa wake.
Mama akazungusha kipande cha mkaa, kidole kwa kidole,
kisha akashika kisu.

Ukelele nilioumeza ulikuwa wa miaka kumi na moja.
Nikaitazama miguu ya yule mtoto.
Vidole viwili vilikwisha kugeuka rangi.

Nani aliandika sharti lile? Mtu aliyeketi penye joto.
Au mtu mwenye busara. Sijui, hata leo sijui,
maana ukivuta uzi mmoja wa sweta
huchagui wewe litafumukia wapi.

Mkobani nilikuwa na kipande cha ngozi, cha kuungia majalada.
Nikakitoa. Nikasema: chukua hiki, niachie hizo.
Oddný akakipima kwa shubiri, akacheka,
kama anayemcheka mtu aliyesoma mno:
"Mtoto ana miguu miwili."

Ukurasa mmoja ukakatwa, soli ya kulia.
Ngozi yangu ikawa ya kushoto.

Sasa tunazo kurasa kumi na tisa.
Orodha inasema zilikuwa kumi na tisa tangu hapo.
Ule wa mwisho una alama ya mkaa, unyayo mdogo,
na wataalamu wameuandikia makala mbili: huenda ni ibada.
Unaanzia katikati ya mazishi. Ya nani, hausemi.
Mfalme bado hajafunga kinywa.

Na kwenye meza ya dirishani yuko mwanamke, Yngvildur.
Anajua nakunywa kahawa bila sukari.
Anasema tumefanya kazi pamoja miaka saba.
Ni mwema. Simjui.

Jikoni, pale tunapotundika vikombe,
kuna msumari mtupu.
Kilikuwa cha buluu, kimemeguka mdomoni,
hilo nalikumbuka.
Sikumbuki kilikuwa cha nani.